Funda la Maji Lililobaki Kikombeni

Zima hiyo redio, Naserian. Mchungaji wa redioni ana Jumapili nyingi mbele yake, mimi hata hii moja sina uhakika kama nitaimaliza. Lemburis, mwanangu wa kwanza, weka simu mfukoni; duka lako la misumari pale Kimandolu halitaanguka kwa sababu umekaa kidogo na mama yako. Agnela, mkwe wangu, acha vyombo, njoo ukae hapa kitandani karibu na miguu yangu, si pale mlangoni kama mtu aliyekuja kuuza mayai. Na wewe Meitamei, shemeji yangu, mkubwa wa ukoo huu, vuta kile kiti chenye mgongo, maana wewe ndiye shahidi na shahidi hasinzii. Lesian yuko wapi? Lesian! Kitindamimba wangu, usinisimamie dirishani kujifanya unatazama Mlima Meru. Umeuona tangu uzaliwe na haujahama. Sit down. I said sit down. Haya.

Kile kikombe kikubwa cha bati pale kwenye stuli, chenye ua jekundu, asikiguse mtu. Kimebaki na funda moja la maji nami nimelibana tangu asubuhi. Nyote mnajua kikombe hicho ndicho kipimo changu: kikijazwa alfajiri nikakimaliza, sina maji mengine mpaka kesho yake, kwa sababu figo zangu zimefunga ofisi na kila ninachokunywa kinabaki humu mwilini kunijaza miguu na mapafu. Agnela, nimeliona jicho lako, unataka kuniambia ninywe. Kiu ninayo, kiu siku hizi ndiyo inayolala nami badala ya marehemu Yoeli wangu, lakini funda lile lina kazi, na kazi yake mtaiona mkiwa na adabu.

Mnajua nimewaitia nini. Ijumaa nikiwa kwenye mashine ya kusafisha damu presha ilishuka, nikazimika kama umeme wa mtaani kwetu, wakanirudisha kwa kunipigapiga mashavu. Kisha daktari, kijana mzuri kabisa, akamvuta Lemburis pembeni akamnong'oneza kwa Kiingereza, eti mama asisikie, mimi niliyepikia watalii kwenye makambi ya porini tangu huyu daktari hajaota jino. "The heart is tired," akasema. Nikamjibu kutoka kitandani kwangu, "My dear, you should meet the rest of me." Manesi walicheka mpaka mmoja akaangusha pamba. Kwa hiyo habari ndiyo hiyo, haina kona: moyo umechoka. Jumatatu nikiamka nitakwenda mashineni kama kawaida, nisipoamka msinikimbize popote. Na kwa kuwa sijui Jumatatu itaniamulia nini, leo nagawa vyangu nikiwa bado nina pumzi ya kugawa na ulimi wa kumnyamazisha atakayebisha.

Lemburis, ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja ni wako, mpeleke kwako ukitaka, ila ujue anapiga teke mtu mvivu. Migomba ya upande wa juu, inayopakana na kanisa, ni yako pia. Ndama ni wa binti yako Naserian. Shuka langu jekundu, lile la kwenye mashine, maana damu ikitoka nje na kurudi unasikia baridi hadi kwenye meno, mpeni Mzee Abdiel, yule Mmeru wa Akheri anayekaa kiti cha jirani yangu. Tangu tumeanza naye ananiuliza kila siku, "Mama, leo umekunywa kiasi gani?" na mimi namwambia, "Kidogo kuliko wewe, mlevi wa maji." Mwambieni nimemwachia ushindi. Na mkono huu wa kushoto, walikouunganisha mshipa ili sindano zipate pa kuingilia, hauna mrithi. Wajukuu wameuzoea: ukiweka kidole unanguruma kama friji. Siku ukinyamaza ndiyo mtajua nimetoka.

Ile mashine ndogo ya kupimia sukari, pamoja na vijiti vyake na sindano zake, ni ya Naserian. Msigune. Mtoto huyu amesomea lishe chuo kikuu, wakamvika joho, wakampiga picha, halafu wakamwambia akajiajiri. Akajiajiri wapi? Akafungue genge la vitamini? Kila tangazo la kazi linataka experience, kana kwamba experience inauzwa pale Kilombero sokoni kwa kilo. Mpaka leo kazi pekee aliyoipata inayofanana na elimu yake ni mimi, na mimi ndiyo hivyo naondoka. Mjukuu wangu, hasira yako naijua, umeitoa kwangu, na ulimi huo pia ni wa kwangu. Usiutupe. Ila usiutumie kwa watu wanaokupenda tu kwa sababu wanaostahili kutukanwa wako mbali na wana walinzi getini.

Sasa nyumba. Kwetu Waarusha nyumba ya mama ni ya mtoto wa mwisho, na Lemburis, najua jambo hilo limekukaa kooni kwa sababu mabati uliyaleta wewe. Ashe, mwanangu, ashe oleng kwa mabati, mvua imenisikia nikikushukuru kila masika. Lakini nyumba ni ya Lesian na mke wake Agnela, wote wawili, na Meitamei, hapo kwenye "wote wawili" fungua masikio yote, maana nawajua wanaume wa ukoo wenu, mjane akiliwa haki yake kidogo mnasema ni desturi. Lesian, usitabasamu bado. Sijamaliza. Nyumba hii ina sharti, na kabla ya sharti kuna kesi ya shemeji yangu.

Meitamei, usishike fimbo, hii si kesi ya kuchapana. Wanangu, siku niliyoambiwa na nesi kwamba nina sukari, nilirudi nyumbani nikakuta habari imefika kabla yangu na kondoo ameshafungwa kwenye nguzo. Huyu hapa ndiye aliyemleta. Kwa sababu mgonjwa wa Kiarusha haruhusiwi kuugua mpaka kondoo afe kwanza! Wakachinja, wakayeyusha mafuta ya yule kondoo mzima, wakachemsha supu na mizizi saba ya porini ambayo hata yeye aliijua mitatu tu, nikanywa, nikatoka jasho, nikajiona binti wa kucheza ngoma. Ukoo mzima ukasema, amepona. Vile vidonge vya nesi vikakaa kabatini kama sahani za wageni. Na magoti yakiniuma nanunua vidonge vya maumivu dukani, vile vya rangi mbili, nameza kama karanga. Sukari ilikuwa inatafuna upande mmoja, vidonge upande wa pili, mizizi inasukuma katikati, na figo, maskini, hazina kelele. Figo ni kama mke mpole, anavumilia, anavumilia, siku unashtuka amebeba sanduku yuko stendi. Shemeji, sikulaumu. Ulinipenda kwa ulichokijua, na ile supu ilikuwa tamu. Kinyongo nilichokuwa nacho nakiachia leo mbele ya hawa. Lakini ukiingiza tena mizizi kwenye nyumba hii, wallahi nitarudi, na nitakuja kukaa kwako.

Anacheka. Mnamwona? Kumbe ana meno.

Basi cheka vizuri, maana kesi yako ya pili ni ya sisimizi. Lemburis unaikumbuka, Lesian alikuwa mdogo. Marehemu baba yenu alikuwa na mahali pake pa kukojolea, pale nyuma ya zizi, penye jiwe, mwanaume akishachagua jiwe hahami. Ukafika mwaka sisimizi wakajaa pale, mistari na mistari, kama watu wa mnada. Tukaita wazee waje waone. Mtaalamu wetu Meitamei akainama, akachukua udongo akaunusa, akasimama akasema ardhi hii ina asali chini yake, ni baraka, nyuki watakuja. Na akatundika mzinga! Palepale, juu ya mkojo wa kaka yake, akatundika mzinga, na jioni anakuja kuukagua. Nyuki hawakuja. Kilichokuja ni kidonda mguuni kwa Yoeli kisichofunga, kisha macho yakaingia ukungu, na kila tulipomwambia nenda hospitali alisema maneno yaleyale, "Mimi siumwi, nimechoka tu." Alichoka hivyo mpaka tukamzika. Mzinga tuliushusha baada ya matanga. Ndio ule kuku wanautagia hadi leo.

Kwa nini nawarudisha huko? Kwa sababu mimi, mwanamke ambaye sikojoi tena, nimebaki na kazi ya kuchunguza mikojo ya wengine. Juzi Agnela alinitoa nje niote jua, akaniweka pale upande wa bafu. Nikaona sisimizi. Mstari mmoja umetoka kwenye ua, mwingine umetoka kwenye migomba, wote wanakwenda kwenye kona moja nyuma ya bafu, na Agnela akasema, "Mama, ni sukari ilimwagika nilipokuwa nabeba chai." Binti yangu wa Kichaga, wewe una akili za biashara, toka lini mtu akanywa chai nyuma ya bafu? Mume wako ndiye anayesimama pale. Na mume wako anaamka kila mara kwenda pale, naisikia miguu yake usiku, mimi silali. Mume wako anarudi kutoka Kaloleni alikouza viatu vya mtumba mchana kutwa, anafungua soda ya baridi, anaimaliza kwa mkupuo, anafungua nyingine, na suruali anaikaza kwa kamba. Amekonda wapi? Mashavuni. Mbona nyie wenye macho mazima hamkuona?

Unasema nini, Lesian? Sema kwa sauti, kikao kisikie. "Yeyo, mimi siumwi, nimechoka tu." Eeh. Mmesikia? Lemburis, umesikia? Baba yake amesimama pale anaongea. Hata namna ya kukwepesha shingo ni ileile.

Sharti langu ni hili, na Meitamei ulishike. Naserian alete mashine, apime watu wote waliomo humu ndani, sasa hivi, nikiona kwa macho yangu. Lesian akikataa, nyumba achukue, mabati achukue, kuku achukue, siwezi kuvunja desturi, lakini baraka ya mama yake hataipata, na funda lile la maji nitalinywa mwenyewe. Najua kila mtu hapa anaelewa uzito wa neno hilo. Mtu anaweza kuishi bila nyumba. Bila baraka ya mama, Mwarusha gani analala?

Leta, Naserian. Anza na mkubwa. Ero! Meitamei, mkono huo uliwahi kushika mkuki, leo unakificha kidole kwa kasindano? Fumba macho kama unaogopa. Tayari. Soma. Sita? Sita na kitu? Enkai, Mungu wetu, ana upendeleo waziwazi, mzee huyu anakunywa mafuta ya kondoo kama uji na damu yake ni safi kama ya mtawa! Ni kwa sababu unatembea na ng'ombe kutwa. Sawa. Lemburis, wewe lete kidole, acha kukifuta kwenye kaunda suti. Tisa, na umekula wali wa kanisani. Hujavuka mto, ila ndala zimelowa. Hicho kitambi si cheo, mwanangu, mwambie mkeo apunguze mafuta, na kesho pima hujala. Agnela, wewe uko sawa, nilijua, mwanamke hakai chini wewe.

Lesian.

Mlango huo uko wazi, sijamwambia mtu aufunge. Ukitoka sitakulaani, nakupenda mno kukulaani, nitalala tu na uso ukutani. Ndiyo, tazama chini. Unaogopa. Unadhani mashine ndiyo inayoleta ugonjwa, usipoiona nao hautakuona. Mwanangu, ugonjwa umeshahamia ndani, unakula chakula chako na kulala kitandani kwako, unachokataa ni kuuliza jina lake tu. Njoo. Njoo hapa kwa Yeyo, kwa mama yako. Naserian, mtoboe pembeni ya kidole, hapaumi sana. Hivyo. Mpe pamba. Soma, mjukuu wangu, usiniangalie mimi, soma kilichoandikwa.

Kumi na tisa.

Mbona kila mtu anatazama viatu vyake kama kanisani sadaka ya pili inapopita? Agnela, usilie, au lia, ila usikilize huku unalia, maana sasa ndiyo nafika kwenye mali yenyewe. Lesian, nitazame. Unajua mimi na wewe tumetofautiana nini? Wewe unakojoa! Unacheka nini, nasema kweli. Figo zako bado ziko kazini, zimelemewa lakini zipo, ndizo zinazoitoa ile sukari nje mpaka sisimizi wanaoa kwa harusi kubwa nyuma ya bafu. Mimi ningetoa ng'ombe na migomba yote nikojoe mara moja tu, vizuri, na sauti itoke. Hujui utajiri ulionao. Baba yako alikuwa nao akaumwagia mzinga, mimi nilikuwa nao nikaupeleka kwenye supu. Wewe ni wa kwanza katika nyumba hii kuambiwa mapema, na kuambiwa mapema ndiyo urithi ninaokuachia, nyumba ni nyongeza.

Kwa hiyo kesho asubuhi, hujatia kitu mdomoni, wewe na Agnela mnakwenda kliniki, Naserian anawasindikiza aongee nao hicho Kiingereza cha joho. Wapime damu tena wathibitishe, wapime mkojo kama kuna protini, wapime na presha, maana presha na sukari zinatembea pamoja kama wamama wa kwaya. Wakikupa dawa unameza, ukijisikia mzima unameza, ukijisikia mzima sana ndiyo unameza haswa. Macho wakuangalie, miguu jiangalie mwenyewe kila jioni, usivae viatu vya kubana hata kama ndivyo unavyouza. Goti likiuma usikimbilie duka, muulize daktari. Nilipokuwa kambini nilikuwa nawacheka Wazungu, huyu hali ngano, huyu hanywi maziwa, nikasema watu gani hawa wanaogopa sahani. Leo mimi ndiye special diet. Na usijichanganye na chakula changu. Mimi ndizi zinamenywa, zinakatwa vipande, zinachemshwa, maji yanamwagwa, zinachemshwa tena, kwa sababu figo zangu haziwezi kutoa yale madini ya ndizi na yakizidi yanasimamisha moyo. Wewe hujafika huko. Wewe kula maharage yako, mboga zako, ndizi kidogo, loshoro yetu ya mahindi na maziwa kidogo, punguza chumvi na magadi, na soda uiage leo, uiage kwa heshima kama rafiki aliyekuibia.

Agnela, shukrani yangu kwako sina ng'ombe wa kuilipa. Watu wa huku waliniambia Mchaga atahesabu mpaka majani ya chai. Ni kweli ulihesabu: ulihesabu vidonge vyangu, ulimwaga maji ya ndizi zangu kila siku na hukununa. Sufuria zangu zote ni zako, na ile kubwa ya kambini, ambayo shangazi zake Lesian wataililia msibani, iko chini ya kitanda chako tayari. Nimeiweka mapema.

Na tukiongelea msiba. Sitaki soda msibani kwangu. Hata kreti moja. Lemburis, najua unaona aibu, watu watasema familia ya mfanyabiashara imenywesha waombolezaji maji. Waseme. Maji yawepo mengi, ndoo na ndoo, kila mtu anywe anavyotaka kwa niaba yangu, na chai iwe haina sukari. Anayetaka sukari aje na yake mfukoni. Na pale kwenye meza ya maji Naserian akae na mashine yake, apime ukoo mzima wakiwa kwenye foleni ya pilau. Ndiyo itakuwa experience yake. Hao waajiri waandike hiyo.

Nimechoka sasa. Pumzi... subirini. Nipandishe mto, Agnela. Hivyo.

Kikombe. Nipe kikombe, Lesian, wewe mwenyewe. Shika kwa mikono miwili. Mnasogea, wote, karibu, sina nguvu ya kurusha mbali. Wazee hubariki kwa kuwatemea watu pombe ya asali, mimi asali nimekatazwa. Maziwa nayo yanapimwa. Nilichonacho ni hiki. Siku nzima nimekitamani... na sijakigusa. Kwa hiyo msiseme ni maji tu.

Enkai awape watoto wenye kelele. Itikieni. Naai. Awape mvua isiyobeba udongo. Naai. Lemburis, akupe mgongo mnyoofu na tumbo dogo. Naai. Meitamei, akuache na sita yako. Cheka, shemeji, itikia. Naserian, akufungulie mlango, na wakikufungulia usiwatukane siku ya kwanza. Naai. Agnela, akupe mume mzee. Mzee sana. Mwenye kero. Na wewe mtoto wangu wa mwisho... akupe kukojoa mpaka uzeeni.

Haya. Inamisheni vichwa.

Imewafikia? Imedondoka kidevuni kwangu nusu... basi na mimi nimebarikiwa. Usijifute, Lesian. Acha ikauke yenyewe.

Washa redio, Naserian, kidogo. Kliniki... mapema, foleni. Lesian, lete kidole. Kile kile kilichotobolewa. Weka hapa, mkononi.

Unanguruma?

Basi... bado nipo. Kesho nenda, ukirudi unisomee walichosema.